Laptopu Iliyogoma Bwera

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa askari, na urithi alioniachia ni mdomo wa amri: simama, kaa, leta hapa, toka. Mdogo wangu wa mwisho alianza kuniita Afande tangu enzi zile tunagombania mkia wa samaki, na jina likaninasa mpaka leo. Kwa hiyo nikisema kuna laptopu moja kuukuu iliyonitia adabu, wanaonijua watacheka mpaka wakae chini.

Niliinunua mkono wa pili, mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, ninakoishi, kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahamia shule nyingine. Ilikuwa kitu kinene, kizito, ukiipakata kwa muda mapaja yanakufa ganzi. Bawaba moja ya kioo ilikuwa imelegea, na herufi ya A ilikuwa imefutika kwa kuguswa sana. Na feni sasa! Ukiiwasha inakohoa kwanza, halafu inavuta pumzi, halafu inapuliza kwa kelele hadi mwalimu wa chumba cha pili anauliza kama ninasaga unga. Nilikuwa nafundisha jiografia sekondari, nikaitumia kuandika mitihani na kujaza alama, na pamoja na makelele yake tukaelewana. Joto la Kasese wengi wanalijua. Kwa asiyelijua niseme tu kwamba saa nane mchana hata mbuzi hawagombani, wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta wanahema. Laptopu ilihema pamoja nao, lakini kazi ilifanya.

Shida yake ilianzia kwa mama, Bwera, karibu na mpaka wa Kongo.

Mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Kongo, upande wa Butembo, kwenye baridi ya milimani. Akaolewa huku Uganda, na alipofiwa na baba akaendelea na biashara yake ya vitenge katika soko la mpakani, Mpondwe. Kiswahili chake alivuka nacho kutoka kwao na hakukibadilisha kwa ajili ya mtu yeyote. Mdogo wangu, kitindamimba wake, alikuwa Uarabuni analinda maghala. Karibu kila Jumapili alipiga simu, anacheka, anatania, anauliza habari za kila mtu na mifugo yake. Simu ikikatika mama anabaki anatabasamu, anaifuta kwa pindo la kitenge na kuirudisha kifuani.

Hadi siku moja kijana mmoja aliyerudi kutoka huko huko Uarabuni akapita mbele ya meza yake sokoni, akamsalimia kwa adabu, akamwambia, "Pole sana, mama, kwa ule mguu wa mtoto."

Mguu gani? Kijana akaona ulimi umemponyoka. Akasema labda amechanganya watu, huko ni wengi, nyuso zinafanana, akala kona.

Tulimpigia mdogo wangu siku hiyo hiyo. "Mguu upi, mama?" akasema. "Mbona ninayo miwili, na yote inanuka!" Akacheka sana, nami nikacheka, nikaona maneno ya watu wa sokoni ni maneno tu. Mama hakucheka. Aliiweka simu mezani, akaniangalia.

"Minasikia sauti," alisema. "Sauti iko na miguu?"

Tangu hapo mama akawa si yule. Chakula anakigusagusa tu na kukisukuma. Sokoni anapima kitenge cha mteja, anasahau alipofikia, anaanza upya. Aliota mwanawe anatambaa kwa magoti kwenye mchanga. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: amwone yule mtoto anasimama na kutembea, amwone kwa macho yake, si kwa kusimuliwa. Na mimi iliniuma kumwona hivyo, nikaropoka kama kawaida yangu, "Mama, acha kulia! Jumapili naleta laptopu. Utamwona mzima, kuanzia nywele mpaka kidole gumba." Kwa kusema hivyo nilikuwa nimejiingiza mahali ambapo sikupajua.

Jumapili ile nilifika Bwera baada ya misa. Lazima niwaeleze sebule ya mama. Nyumbani kwa mama hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, termosi ina chake, kila kiti kina cha mgongo na cha mikono, na hata mtungi wa maji ya kunywa una kofia ya uzi. Mikono yake haijui kupumzika: akiwa na mtu anaongea, sindano ya kufumia inaenda na uzi unatoka kwenye mfuko wa plastiki miguuni pake. Nimekulia ndani ya nyuzi hizo. Wala sizioni tena, kama vile mtu asivyouona ukuta wa chumba chake.

Nilipotaka kuiweka laptopu mezani, mama akanizuia mkono. "Mugeni hakae juu ya mbao tupu," akasema, akatanguliza mto wa kiti uliofumwa, akaipokea laptopu kwa mikono miwili na kuilaza juu yake. Mimi nilikuwa nahangaika na modemu. Bwera mtandao una uraia wa nchi mbili; ukikaa vibaya, simu inakukaribisha Kongo huku umekalia kiti cha mama yako. Nikaifunga modemu kwenye nondo za dirisha, nikabembeleza, na ghafla, huyo, mdogo wangu amejaa kwenye kioo kizima, uso tu, meno yote nje.

"Afande!" akapiga saluti.

Mama alipiga yowe hadi kuku wa nje wakakimbia. Kisha akajifuta macho, akajiweka sawa, akasema, "Kwanza tusali."

Na sala ya mama si ya kumeza haraka. Aliwataja marehemu wote wa pande zote mbili za mpaka. Baada ya sala zikaja salamu, maana alikuwa amewaalika watu: mama wa ubatizo wa mdogo wangu, amevaa nguo zake za misa, na jirani yetu mshonaji. Kila mmoja ilibidi akae kwenye kiti cha mbele, asalimie, asalimiwe, aulizwe. Mdogo wangu naye hakuwahurumia. "Na mgongo, mama wa ubatizo, unakusumbua bado? Na yule ng'ombe wa jirani alizaa? Dume au jike? Na paroko mpya, mahubiri yake yanaisha mchana huo huo?" Watu wanakufa kwa kicheko.

"Sasa simama, papa," mama akasema. Kwao mama humwita mtoto wake wa kiume papa. "Simama nione miguu."

"Ngoja kidogo, mama, sijamuuliza fundi cherehani kuhusu..."

Tap. Kioo kikawa cheusi.

Niliigusa laptopu nikarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto kupita pasi. Feni iliyokuwa inapiga kelele tangu tuanze ilikuwa imenyamaza kabisa.

"Amekufa?" mama aliuliza kwa sauti ndogo. Sikujua anauliza habari za mashine au za nani.

Jumapili iliyofuata nikaja na mpango wangu. "Mama, leo tunaanza na miguu. Sala baadaye."

"Weye!" akanitolea macho. "Mungu angoje mulangoni juu ya mashini?"

Basi tukasali, tukasalimia, ng'ombe wa jirani akaulizwa, paroko akaulizwa, na mama alipofungua kinywa tu kusema simama, tap. Safari hii laptopu ilikuwa na kitanda chake mwenyewe. Mama alikuwa ameifumia blanketi katikati ya wiki, jekundu na njano, zito, la uzi mara mbili, lenye kingo zilizosimama kuizunguka. Nililiona, nikamwambia zuri, mama, asante. Akafurahi. Nikaona anazipangapanga zile kingo, anazisukumiza pembeni ya mashine kwa vidole, nami nikageukia modemu yangu dirishani.

Niliirudisha Kasese nikiwa nimepandwa na mori. Nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta, jamaa mmoja mwenye kibanda karibu na soko, mtu wa maneno mengi kama mimi. Akafungua kifuniko kimoja kidogo, akapuliza, akapiga brashi, akatoa vumbi jeusi. Akasema pesti ya juu ya ubongo wa kompyuta, ile inayosaidia joto kutoka, ilikuwa imekauka ikawa chokaa. Akapaka nyingine. "Mwalimu, sasa hii inaweza kuchemsha dunia isitokwe jasho," akasema. Nikamwamini. Nikaijaribu nyumbani kwangu, mezani, mchana wa jua kali: mitihani, picha, nikampigia hata mwalimu mwenzangu wa Hima simu ya picha tukapiga soga mpaka hamu ikatuishia. Haikuzima. Feni inapanda, inashuka, inapanda, hewa ya moto inatoka ubavuni, shwari.

Nikaenda Bwera nimejaa imani. Tap.

Jamani! Niliipigia kelele ile mashine mbele ya mama wa ubatizo na nguo zake za misa. Maana ilikuwa haiingii akilini. Kasese ndiko kwenye tanuri, huko inafanya kazi. Bwera kuna upepo wa mlimani, jioni unavaa sweta, huko ndiko inaungua. Mwenye akili timamu angetegemea kinyume chake. Nikasema ni umeme wa Bwera, unapanda na kushuka. Nikatumia betri peke yake, ikazima. Nikasema ni modemu, nikaibadilisha, ikazima. Mdogo wangu mwenyewe alinitumia ujumbe: Afande, huyo bibi amezeeka, mwacheni apumzike, mimi niko salama, mwambieni mama asijisumbue. Nikamjibu kwamba tutamwona hata kama itabidi niipepee kwa ungo.

Mama wakati huo alikuwa amekonda. Nilimkuta siku moja amekaa mbele ya laptopu iliyozimika, bado anakitazama kioo kitupu. "Kidogo tu nilikuwa nimuone," akasema. "Kila siku kidogo tu." Nilitamani kulia, nikaenda nje nikamgombeza mbuzi badala yake.

Halafu mashine ikaanza kuugua hata Kasese. Feni ikawa inasaga, krr, krr, inanyamaza, inajaribu tena, inanyamaza. Nikairudisha kwa yule fundi nikiwa na mdomo umejaa. "Wewe uliniambia dunia! Dunia gani hiyo?" Safari hii nikamwambia afungue yote, mpaka mifupa, na mimi nitasimama hapo hapo. Akafungua skrubu zote, akaondoa kibodi, akaondoa mgongo, akaifikia feni yenyewe, kile kigurudumu kidogo chenye mapezi. Akachukua kibano, akaanza kuvuta kitu polepole. Kikatoka, kikazidi kutoka.

"Mwalimu," akasema, "unafuga kondoo humu ndani?"

Ulikuwa uzi. Uzi wa sufu umejiviringisha kwenye ekseli ya feni mpaka ukawa kifundo, na manyoya yake yamejaa kwenye matundu ya hewa yakawa zulia. Mwekundu na njano.

Nilikaa chini kwenye stuli yake. Kwanza nilicheka, nikacheka mpaka fundi akaniletea maji. Halafu hasira ikapanda, maana wiki zote hizo! Halafu nikayaona yote kwa mpigo, kama vile mtu amewasha taa: matundu ya chini inakovutia hewa, yamelala juu ya mto, kisha juu ya blanketi la uzi mara mbili, na tundu la ubavuni inakotolea joto, limezibwa kwa kingo zilizosukumizwa kwa vidole. Kasese inakaa kwenye mbao tupu, inapumua. Bwera inakaribishwa kwa heshima, inakabwa. Hata katika ile hali yangu nilijua hakuna nyumba nyingine duniani ambamo mashine ingekufa namna hiyo.

Njia nzima ya kwenda Bwera nilikuwa napanga maneno yangu. Mama, hii ni mashine, si mtoto mchanga. Mama, uliniuliza? Maneno makali, yamepangika vizuri. Nikaingia ndani nikamkuta amekaa chini ya dirisha, miwani kwenye ncha ya pua, anafuma. Alikuwa anaongeza blanketi tabaka la tatu.

"Mama, hilo ni la nini tena?"

"Mashini yako iko na homa," akasema bila kuinua macho. "Minagusa pembeni, minasikia pumzi ya moto inatoka. Inatoka tu, inatoka tu, kisha inakufa. Joto yote inamutoka. Kwetu mutu wa homa tunamufunika, baridi isimuingie." Akakata uzi kwa meno. "Sasa nilimufunika muzuri, lakini bado. Pengine blanketi ilikuwa nyepesi."

Huyu ni mwanamke aliyelelewa kwenye ukungu wa Butembo, aliyetulea sote kwa kutufunika. Tukiugua malaria alitulundikia mablanketi mpaka tukatoka jasho, na tukipona alisema ni blanketi. Nilimpenda mama yangu dakika ile kuliko ninavyoweza kuandika. Nikakaa naye chini kwenye mkeka, nikamtolea kile kifundo cha uzi nilichokuwa nimekifunga kwenye karatasi, nikamweleza polepole, kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo. Kwamba ile pumzi ya moto ndiyo uzima wake. Kwamba inavuta hewa baridi kwa chini, inapoza tumbo lake, inatoa moto ubavuni, na ikizibwa, inajizima yenyewe isije ikaungua kabisa.

Alikigeuza kile kifundo kwenye kiganja. Aliitambua kazi yake.

"Basi ni mimi," alisema. "Ni mimi nilikuwa namuzibia mutoto wangu."

"Mama, hapana, ulikuwa..."

"Wacha." Akainuka. Nikafikiri anakwenda kulia jikoni. Nikasikia masufuria yanagongana, kitu kinakwaruzwa, maji yanamwagwa. Akarudi na ule wavu wa chuma anaokaushia samaki juu ya jiko, ameusugua kwa jivu mpaka unang'aa, akauweka mezani juu ya matofali mawili. Akainama akachungulia chini yake, akapitisha mkono huku na huku. "Hapa hewa inapita?"

"Inapita, mama."

"Basi leta yeye hapa."

Jumapili hiyo sebule nzima ilinuka samaki wa ziwani. Laptopu ilikaa juu ya wavu, tupu, bila hata uzi mmoja, na mama alikuwa ameamuru kila mtu akae mbali na ubavu wake. Mshonaji alipotaka kusogea akafokewa: "Weye, mupishe apumue!" Nikaona mdomo wa amri sikuurithi kwa baba peke yake.

Mdogo wangu akatokea. Saluti. Meno nje. Tukasali, sala ndefu kuliko zote, maana mama aliongeza shukrani kwa fundi wa Kasese na kuiombea hata feni. Tukasalimia. Mama wa ubatizo akaulizwa mgongo. Ng'ombe akaulizwa, na ndama wake. Paroko akaulizwa. Mimi sikio langu lilikuwa kwenye feni tu. Inapanda, inapuliza, inashuka. Niliweka kiganja ubavuni, hewa inatoka ya moto lakini inatoka. Mama akaniangalia, nikamwitikia kwa kichwa.

Ikatokea jambo ambalo halijawahi kutokea: salamu ziliisha. Mshonaji alisema ana nguo ya mtu, akaaga. Mama wa ubatizo akakumbuka maharage yake motoni, akaaga. Tukabaki mimi na mama, na kule kwenye kioo mdogo wangu anaendelea kuuliza. Akauliza habari za paka. Akauliza habari za mparachichi wa nyuma ya nyumba. Akauliza kama theluji ya mlimani inaonekana siku hizi asubuhi, yeye ambaye tangu azaliwe hajawahi kuiangalia kwa hiari. Vicheko vyake vikaanza kuchelewa kufika. Kisha akakosa la kuuliza. Nilimwona anatazama pembeni, anatazama chini, halafu anatutazama tena, na meno yamefichika.

"Mama," akasema, "leo haizimi?"

Ndipo nilipoelewa. Wale ng'ombe, yule paroko, ule mgongo wa mama wa ubatizo. Alikuwa anaisubiri mashine imwokoe, kila Jumapili.

"Haizimi," mama akamjibu. "Simama, papa."

Kisha akaishika meza, akasimama. Kwanza tuliona tumbo tu, shati la kazi lenye vifungo vya chuma. Akarudi nyuma, mkono mmoja umeshika ukuta, mpaka tukamwona wote. Miguu yote miwili ilikuwepo. Mama akavuta pumzi kwa nguvu. Akatembea hadi mlangoni na kurudi, na mguu wa kulia ulikuwa unabaki nyuma, anausubiri, anauvuta, anausubiri tena. Alikuwa kijana aliyekuwa akikimbia na mzigo kichwani kwenye njia za milimani za Kyarumba, watu wanamkemea apunguze mwendo.

Akakaa. Hakutania.

"Nilianguka kutoka kwenye lori la mizigo, mama. Mfupa waliuunga vibaya. Siku hizi wananiweka getini, nakaa tu. Nilisema nipone kwanza, ndipo nije." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Kila nikijaribu kukata tiketi naiona Mpondwe. Naona ninashuka pale kwenye gari, mikono mitupu, naburuta huu mguu, na soko lote limesimama linaniangalia. Siwezi, mama."

Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka shingoni. Niligeuka nimshike mama nikijua sasa ndiyo anaanguka.

Mama alikuwa amekaa wima. Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa matofali, akaweka kiganja chote kwenye kioo, juu ya shavu la mwanawe.

"Soko ndiyo ilikuzaa?" akamuuliza.

Mdogo wangu alitikisa kichwa.

"Basi kuja," akasema. "Kuja hivyo hivyo."